MINGW64 ni nini? Historia ya kuhamisha programu za Unix, ikisimuliwa kutoka Kisumu

 

Wiki iliyopita nilikuwa nawasaidia vijana fulani hapa Kisumu ambao wanajifunza Git. Laptopu zote zilikuwa za Windows. Wakafungua lile dirisha jeusi la Git Bash, wakaandika ls, faili zao zikajitokeza, na binti mmoja akainua mkono: "Mwalimu, hii MINGW64 iliyoandikwa hapa kwa zambarau ni nini?" Nikadhani nitamjibu kwa sentensi moja. Dakika ishirini baadaye nilikuwa bado naongea na chai imepoa. Kwa hivyo naiandika hapa, ili siku nyingine nitoe tu anwani ya ukurasa huu. Ni ndefu kidogo, wewe pia jitafutie chai.

Nianze na hali ilivyokuwa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu wa Kisumu aliyetaka kujifunza lugha ya C alikuwa na tatizo ambalo vitabu havikulitaja: kompyuta haikuwa yake. Ilikuwa ya saiba, ya ofisi ya mjomba, au ya maabara ya chuo, na ndani yake mlikuwa na Windows 98. Saiba walihesabu dakika. Ukimwambia mwenye saiba kwamba unataka kuigawa diski yake ili uweke Linux, atakutoa nje, na kusema kweli hata mimi ningekutoa. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo mawasiliano yote ya intaneti na ng'ambo yalipitia setilaiti, na huku kwetu ziwani mengi yalimalizia safari yake kwenye modemu na waya wa simu. Faili ya megabaiti 20 ilikuwa kazi ya saa nzima na zaidi, kama laini haikukatika.

Na vitabu vizuri vyote vilidhani una Unix. Ukurasa wa kwanza tu: fungua terminali, andika cc. Terminali ipi?

Jibu la swali hilo lilikuwa limeshatolewa, tena kitambo. Mwaka 1989 Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa GNU, alikwenda kuzungumza na kikundi cha watumiaji wa Unix huko Marekani, kwenye jengo la kampuni ya Data General. Mmoja wa wafanyakazi wa kampuni hiyo, DJ Delorie, akamuuliza kama kuna mpango wa kuihamishia kompaila ya gcc kwenye MS-DOS. Stallman akajibu kwamba haiwezekani: gcc ni kubwa mno, na MS-DOS ni mfumo wa biti 16. Delorie akaenda kuifanya.

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi. Prosesa ya 386 ilikuwa na uwezo wa biti 32 na ingeweza kufikia kumbukumbu nyingi sana, lakini DOS iliitumia kana kwamba ni 8086 yenye haraka, na programu zote zilibanana ndani ya kilobaiti 640. Delorie aliandika programu ndogo iliyoitwa go32. Hiyo iliiwasha 386 katika hali yake ya biti 32, ikaipakia gcc huko, na kila gcc ilipotaka kufungua faili, go32 ilirudi chini mara moja kwa DOS, ikaomba, ikapanda tena na jibu. Kumbukumbu ikijaa, sehemu yake inamwagwa kwenye diski. DOS yenyewe haikujua kinachoendelea juu ya kichwa chake.

Mkusanyiko huo ukaitwa DJGPP. Baadaye kazi ya go32 ilichukuliwa na kiwango kinachoitwa DPMI, na Charles Sandmann akaandika CWSDPMI kwa ajili ya mashine zisizokuwa nacho. Kama uliwahi kucheza Quake ya mwaka 1996 kwenye DOS, uliwahi kuwa na faili hiyo kwenye diski yako, kwa sababu id Software waliijenga Quake kwa DJGPP. Mchezo uliouzwa dunia nzima, umetengenezwa kwa kompaila ya bure ambayo mwenyewe alisema haitawezekana!

Hapo nisimame kidogo, kwa sababu vijana wangu waliniuliza kwa nini hakutumia tu kompaila ya dukani. Kompaila za dukani za DOS zilikuwepo, Borland na Microsoft. Lakini programu za Unix ziliandikwa zikitegemea tabia za kompaila na maktaba za Unix, na ukitaka kuzihamisha lazima uweze kuzigusa zote mbili, kompaila na maktaba. Gcc ilikuwa wazi. Tena iliandikwa ikiwa na sehemu mbalimbali: sehemu inayosoma C iko peke yake, na sehemu inayoandika maagizo ya prosesa fulani iko peke yake. Mtu baki, bila kuajiriwa na GNU, bila kuomba ruhusa, aliweza kuongeza mahali papya pa kuipeleka. Kwa kompaila ya dukani ukiambiwa haiwezekani, hapo ndipo mwisho wa maneno.

Jambo lingine kuhusu gcc ni kwamba inaweza kukaa kwenye mashine moja ikatengeneza programu za mashine nyingine kabisa. Hili huwachanganya wanafunzi, lakini watu wa Kisumu wana mfano wake bandarini. Meli ya William Mackinnon ilijengwa Paisley, Uskoti, na kampuni ya Bow, McLachlan, ikafika Mombasa ikiwa vipande, na vipande hivyo vikaletwa bara wakati reli ilikuwa bado haijafika ziwani; vingi vilibebwa na wapagazi. Iliunganishwa hapa hapa na kushushwa majini mwaka 1900, na reli ikafika mwishoni mwa 1901. Mafundi wa Paisley walijenga chombo cha kuelea kwenye maji ambayo hawakuwahi kuyaona. Gcc hufanya hivyo hivyo, isipokuwa haihitaji wapagazi. (Mgongo wangu una maoni kuhusu CD nilizobeba kutoka Nairobi, lakini tuyaache.)

Basi, mwaka 1995 Steve Chamberlain, mhandisi wa kampuni ya Cygnus Solutions, aligundua kwamba Windows NT na Windows 95 hutumia muundo wa faili unaoitwa COFF, na zana za GNU tayari ziliujua muundo huo. Cygnus ilikuwa imeanzishwa mwaka 1989 kwa kazi ya kuuza huduma juu ya programu huria. Chamberlain akatengeneza kompaila iliyokaa kwenye Unix ikitoa programu za Windows. Vizuri. Hatua iliyofuata ilikuwa kuifanya kompaila yenyewe ikae ndani ya Windows, na hapo akakwama. Ili kuijenga gcc unahitaji kuendesha skripti ya configure. Configure inahitaji bash. Bash inahitaji fork.

Fork ndiyo roho ya Unix. Programu inajigawa mara mbili, baba na mtoto, wote wawili na kumbukumbu ileile, kisha kila mmoja anaendelea na njia yake. Windows haina kitu hicho. Ina njia ya kuanzisha programu mpya kutoka mwanzo, lakini si ya kujinakili. Kwa hivyo badala ya kubadilisha bash, na baadaye grep, na make, na maelfu ya nyingine, Chamberlain aliandika maktaba moja kubwa inayosimama katikati. Programu ikiita fork, maktaba inaanzisha mtoto akiwa amesimamishwa, inamnakilia kumbukumbu ya baba, kisha inamwamsha. Hiyo ndiyo Cygwin. Inafanya kazi, lakini ni nzito. Aliyewahi kuendesha configure ndani ya Cygwin kwenye mashine yenye megabaiti 64 anajua kwamba unaweza kwenda Kibuye sokoni na kurudi na samaki kabla haijamaliza kukagua.

Mwaka 1998 Colin Peters alitoa kitu chepesi zaidi, MinGW. Wazo lake lilikuwa kinyume. Usilete Unix. Leta gcc tu, na uiambie itumie maktaba ya C ambayo tayari imo ndani ya Windows. Programu inayotoka ni ya Windows kabisa, haihitaji chochote pembeni. Lakini fork hakuna, na ukiitaka utaandika upya sehemu hiyo mwenyewe.

Kulikuwa pia na suala la leseni, ambalo wengi tulilipuuza. Maktaba ya Cygwin ilikuwa chini ya GPL, kwa hivyo programu iliyoitegemea ilitakiwa iwe huria pia, au ununue leseni kutoka kwa Cygnus, na baadaye kwa Red Hat iliyoinunua Cygnus. Ilibadilishwa kuwa LGPL mwaka 2016. MinGW haikuwa na sharti hilo.

Ubishi wa ipi bora uliendelea miaka na miaka. Mimi nilikuwa upande wa MinGW na nilikuwa na kiburi nao, hadi uliponiumbua. Nitawaeleza.

Programu niliyoipenda kuliko zote siku hizo ni GRASS, ya kuchora na kuchambua ramani. Ilianza mwaka 1982 kwenye maabara ya CERL ya wahandisi wa jeshi la Marekani, jimbo la Illinois, kwa ajili ya kusimamia ardhi za kijeshi. Jeshi lilipoiacha katikati ya miaka ya 1990 watu wa vyuo waliishika, na mwaka 1999 ikawekwa chini ya GPL. GRASS ni Unix tupu: si programu moja bali mamia ya amri ndogo, kila moja na kazi yake, nyingine zikiwa skripti za shell zinazoziita zenzake. Kuihamishia Windows ni kama kuhamisha kijiji. Njia ya kwanza ilikuwa Cygwin, kijiji kizima na udongo wake. Kisha watu kama Radim Blažek wakaanza kuijenga kwa MinGW, na toleo la 6.3 la mwaka 2008 likaja na Windows ya moja kwa moja, ya majaribio. Zile skripti za shell ziliendelea kusumbua hadi toleo la 7, mwaka 2015, zilipokuwa zimeandikwa upya kwa Python.

Kwa nini mtu wa Kisumu ajali haya? Kwa sababu ya gugumaji. Mnaokumbuka mwaka 1997 na 1998 mnajua Ghuba ya Winam ilivyogeuka kuwa shamba la kijani, meli haziwezi kufika gatini, wavuvi hawawezi kutoa mitumbwi. Wale wadudu, fukusi wa Neochetina, waliachiliwa, mawimbi na mvua za El Niño zikasaidia, likapungua. Baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006 likarudi. Na swali la kila mtu, kuanzia serikali hadi mama muuza omena, lilikuwa lilelile: ni kiasi gani?

Mwaka 2008 shirika la USGS la Marekani lilitangaza kwamba picha zote za setilaiti za Landsat zitatolewa bure. Kabla ya hapo picha moja iligharimu mamia ya dola. Upande wetu wa ziwa uko kwenye njia namba 170, mstari wa 60. Namba hizo nimezikariri kama namba ya simu ya mama. Setilaiti ya Landsat 7 ilikuwa mgonjwa, tangu Mei 2003 picha zake zilikuwa na mistari myeusi, lakini bure ni bure. Mapema 2009 nikashusha picha moja usiku kucha, kwenye ofisi ya rafiki.

Kila pikseli ya Landsat ni mita 30 kwa 30, kwa hivyo pikseli 11 ni hektari moja hivi. Katika bendi ya 4, ambayo ni mwanga usioonekana kwa macho, majani hung'aa na maji huwa meusi. Kwa hivyo kazi ni rahisi kwa maneno: futa nchi kavu, baki na ziwa, hesabu pikseli zinazong'aa. Kukata na kufuta nilifanya kwa GRASS ndani ya Cygwin. Kuhesabu niliandika programu yangu ya C, mistari kama 40, na nikaijenga kwa MinGW, kwa sababu nilitaka kitu kidogo cha kubeba kwenye flashi na kuendesha kwenye kompyuta yoyote ya ofisi bila kusakinisha lolote. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya MinGW.

Ikatoa jibu: chini ya hektari kumi.

Nikaiandika kwenye karatasi. Nikaipeleka kwa BMU, kamati ya ufuo mmoja si mbali na Dunga, ambao walikuwa wanataka kuandika barua ya kuomba msaada wa kusafisha. Mzee mmoja akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akanitazama. "Kijana wangu," akasema, "hiyo kompyuta yako imewahi kuona ziwa?" Kutoka tulipokaa, kijani kilikuwa kimefika mbali kuliko jicho lilivyoweza kufuata.

Nilirudi nimeaibika. Nikaijenga programu ileile, bila kubadilisha herufi, kwa kompaila ya Cygwin. Ikatoa namba mamia ya mara zaidi. Msimbo mmoja, faili moja, kompaila ileile ya gcc, mashine moja, majibu mawili.

Usiku ule ndipo nilipoelewa kuhamisha programu ni nini hasa. Katika C, unapofungua faili unaweza kuandika "r" au "rb". Kwenye Unix hazina tofauti, na vitabu vyangu vyote vilikuwa vya Unix, kwa hivyo niliandika "r". Lakini kwenye maktaba ya Windows "r" maana yake ni faili ya maandishi. Baiti 13 ikifuatwa na 10, zinafanywa moja. Na baiti yenye thamani 26 ni mwisho wa faili. Hayo ni mabaki ya DOS, ambayo iliyarithi kutoka CP/M, mfumo wa miaka ya 1970 ambao haukujua faili ina baiti ngapi hasa na ukahitaji alama ya kuonyesha maandishi yameishia wapi.

Sasa fikiria. Maji ya ziwa letu kwenye bendi ya 4 yana thamani ndogo, ishirini na kitu, thelathini na kitu. Programu yangu ilisoma kutoka juu ya picha kushuka, ikakutana na pikseli ya kwanza ya maji yenye 26, ikasema asante, nimemaliza. Ziwa lenyewe lilikuwa limeifunga faili. Nami nilichapisha jumla tu, sikuchapisha idadi ya pikseli zilizosomwa, kwa hivyo hakuna kilichoonekana kibaya. Cygwin ilisoma yote kwa sababu imejifanya Unix hadi kwenye tabia hiyo. MinGW ilikuwa mkweli: ilinipeleka Windows na sheria za Windows.

Niliongeza herufi moja, b. Majibu yakalingana. Nikarudi ufuoni na karatasi nyingine, na mzee akaisoma na kusema hii angalau imefika majini. Barua yao iliondoka na namba ya pili.

Tangu hapo nimekoma kuwacheka watu wa Cygwin, na nimekoma pia kuwasikiliza wanaosema kuhamisha programu ni kuijenga upya tu na kuona kama inawaka. Yangu iliwaka. OpenOffice, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitolea sura ya Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, ilijengwa kwenye Windows kwa kompaila ya Microsoft, lakini skripti zake zilikuja kuhitaji Cygwin. Mafundi wakubwa walikuwa wanachanganya njia zote mbili, wakijua wanachotoa wapi.

Turudi kwa swali la binti. MinGW ya mwanzo ilikuwa ya biti 32. Kai Tietz na wenzake walianzisha tawi la biti 64, MinGW-w64, ambalo ndilo lililobaki hai. Pembeni yake kulikuwa na MSYS, Cygwin iliyopunguzwa kwa ajili ya kuendesha skripti za configure tu, na kutoka mwaka 2013 MSYS2. Git nayo iliandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, ikiwa na skripti za shell tele, na walioihamishia Windows walifanya kama mafundi wale: git yenyewe wameijenga kwa MinGW-w64 ili iwe nyepesi, na bash iliyo kando yake inatoka MSYS2, yaani ni mjukuu wa ile maktaba ya Chamberlain. Ndiyo maana dirisha linasema MINGW64 lakini ls inafanya kazi. Kuanzia 2016 kuna pia WSL, ambayo Microsoft wenyewe wanaitoa, Linux ndani ya Windows. Nzuri, lakini nusu ya laptopu za darasa lile zilikuwa za kuazima na hazikuruhusu kuiwasha. Git Bash iliwaka zote.

Baada ya darasa nilitafuta flashi ya zamani. Programu ya kuhesabu bado imo, matoleo yote mawili. Nikaijenga ile isiyo na b kwa gcc mpya ya MSYS2, ya biti 64, kwa maktaba mpya ya C ya Windows, nikaipa picha ileile ya 2009.

Chini ya hektari kumi.